Wageni Waliotoka Voi

Mume wangu ndiye aliyepokea simu. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, taulo shingoni, ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo alichokitundika kwenye msumari. Niliona mkono wenye wembe ukisimama hewani. "Ndiyo, Mzee," akasema. "Ndiyo. Karibuni sana, Mzee." Akakata simu, akakaa juu ya gunia la mkaa, shavu moja bado limejaa povu.

"Wanakuja," akaniambia.

"Akina nani?"

"Mwenyekiti wa kamati, na yule mama kiongozi wa akina mama. Wanataka kuona kazi."

Mtu ambaye hajawahi kutumwa na kanisa kwenda nchi ya watu hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua, lakini sikuwa naona tena mchele wala mchanga.

Sisi tulitumwa kutoka Voi, Kenya. Huko ndiko nilikozaliwa mimi, na Kiswahili ndicho nilichotukanwa nacho na kubembelezwa nacho tangu utotoni. Mume wangu ni mtu wa Kitale, upande wa magharibi, na Kiswahili chake ni cha shuleni na sokoni, kimenyooka kama amri ya polisi. Kanisa letu ni dogo. Halikuwahi kutuma mtu popote hadi lilipotutuma sisi, na siku ya kutuaga walilia kana kwamba tunakwenda mwisho wa dunia, wakati tulikuwa tunapanda basi asubuhi na kufika usiku wa siku hiyohiyo.

Watu wengi wakisikia neno mmishonari humfikiria Mzungu mwenye gari refu na mbwa. Sisi tulishuka na masanduku mawili, godoro lililofungwa kamba na jiko la gesi la mtungi mdogo. Tulipohamia kijijini, watoto waliokuwa wameambiwa kuwa wamishonari wamefika walikuja mbio, wakasimama wakatutazama, kisha mmoja akawaambia wenzake, "Mbona watu wa kawaida tu?" Wakarudi kucheza.

Miezi ya mwanzo tuliishi Tanzania upande wa Sofu, pale Kibaha, karibu na Dar. Huko kazi ilikuwa nyepesi. Majirani wengi walikuwa watu wa bara kama sisi, walimu, manesi na makarani wanaoamka giza kwenda kazini Dar, na jioni wakirudi walikuwa na kiu ya mahali pa kuimba na kuomba kwa namna ya kwao. Sebule yetu ilijaa bila jitihada. Lakini kamati ya Voi ilikuwa imetutuma mahali ambapo kanisa letu halijawahi kufika, na Sofu makanisa yamejaa kila kona. Ndipo tukahamia ndani ya wilaya ya Kisarawe, kwenye kijiji cha mihogo, minazi na mikorosho, tukapanga vyumba viwili uani kwa bibi mmoja mjane, Mzaramo wa hapohapo. Babu yake alizikwa nyuma ya nyumba, na babu wa babu yake pia.

Majirani wote walikuwa Waislamu, wa enzi na enzi. Walitupokea vizuri. Hawakutaka dini yetu, na hawakuona sababu yoyote ya kutuficha kwamba hawaitaki.

Wiki ya kwanza mume wangu alikwenda dukani akasema, "Nipe sukari kilo moja." Mwenye duka akampimia bila neno. Mzee aliyekuwa amekaa pale kwenye benchi akamuuliza kwa upole, "Mchungaji, kwani mmegombana?" Mume wangu akarudi nyumbani amechanganyikiwa. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba huku mtu huomba, hata kama pesa ameshika mkononi. Tangu siku hiyo alianza kusema "naomba" kwa kila kitu, hata akimfukuza kuku: "Naomba utoke."

Na mimi sikuwa salama. Bibi alinipitia mchana mmoja akauliza, "Mwanangu, leo mboga nini?" Nikamjibu kwamba leo hatuna mboga. Kwetu mboga ni majani. Baada ya muda mfupi akarudi na bakuli la kisamvu cha nazi, uso umejaa huruma, akafunua sufuria yangu aweke, mwiko wake ukagonga samaki wawili wakubwa, changu, wanachemka kwenye mchuzi.

"Na hawa ni nini?" akauliza. "Viatu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikwenda kuwasimulia wenzake, nao wakaja mmoja mmoja kuuliza kama leo tuna mboga.

Huyo Bibi macho yake yalikuwa yamezibwa na ukungu wakati huo. Ilikuwa mtoto wa jicho, na alikuwa akiogopa kupasuliwa. Mwanawe wa pekee anafanya kazi mbali, Mtwara. Siku alipokubali kwenda hospitali ya Tumbi, mimi ndiye niliyemsindikiza nikalala naye, nikimshika mkono kwenda msalani na kumsomea maandishi ya mlangoni. Walipomfungua bandeji alinitazama kwa muda mrefu, akipepesa, machozi yanamtoka.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema. "Mbona mwembamba hivi? Kwa ile sauti nilidhani jimama."

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Nilikwenda shambani na wanawake kung'oa muhogo, nilijifunza kumenya bila kujikata, nilikaa misibani kwenye mkeka na kwenye maulidi nilisaidia kuosha vyombo. Mume wangu aliwafundisha vijana hesabu jioni, akatembelea wagonjwa, akaelewana na imamu kuhusu mpira wa vijana na kutoelewana naye kuhusu karibu kila kitu kingine. Jumapili tulikusanyika kwenye chumba kilichowahi kuwa duka: mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Mbeya na mkewe, muuguzi wa zahanati na watoto wake, mlinzi wa shamba la mikorosho na mkewe. Hatukufika kumi, watoto wakiwemo. Wote walikuwa Wakristo kabla hatujawajua. Hatukuwa tumemgeuza mtu hata mmoja.

Mume wangu hakuficha. Kila mwezi alipiga simu Voi akasema, "Bado tuko wachache." Wakamwombea, wakamtia moyo. Lakini dada yangu, ambaye huwa ananiambia yale ambayo wengine wanayazunguka, alikuwa ameshaninong'oneza: kwenye kamati kuna watu wanasema tumekaa muda wa kutosha, turudishwe nyumbani, nguvu zipelekwe kwingine.

Kwa hiyo nilijua wanakuja kufanya nini. Na nilichogundua pale jikoni, na ungo wa mchele magotini, ni kwamba sikutaka kurudi. Nilishangaa mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliomba kila usiku turudishwe. Sijui ni lini niliacha kuomba hivyo.

Sikumwambia Bibi habari za kamati. Nilimwambia tu kwamba tutapata wageni kutoka nyumbani, Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku hiyo ibada tutaifanyia hapa uani, na baadaye watakula nasi.

"Wageni kutoka Kenya?" akauliza. "Huko kote?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe utawapokea na nani?"

Nikamwambia, na wale wa Jumapili, na mume wangu. Akaniangalia kwa yale macho yake mapya.

"Watu wanatoka nchi nyingine, wanakuta uani mmekaa vijitu saba kama mnasubiri basi. Watasema huko kwao: mtoto wetu anaishi na watu gani hao? Unataka kunitia aibu mimi?"

"Bibi, ni ibada. Tutaimba, tutaomba."

"Mwimbe. Sisi tutakaa nyuma. Kuimba kwenu kutatuuma wapi? Si tunakusikieni kila Jumapili?"

Baada ya hapo mambo hayakuwa mikononi mwangu. Wanawake walileta masufuria ya shughuli, yale makubwa yanayokaa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Turubai la misiba likafungwa kutoka paa la nyumba hadi kwenye minazi. Mdogo wake Bibi, mzee mkimya anayeuza nazi, alikuja kuchinja mbuzi, maana tulishajifunza mapema kwamba mnyama akichinjwa na Mwislamu kila mtu uani atakula kwa amani, na akichinjwa na mume wangu tutakula wenyewe. Watu walikuwa wanakuna nazi tangu Jumamosi. Mimi nilipewa kazi ya kuchambua vitunguu saumu, na nikaambiwa nisiguse wali.

Wageni walikuwa wamelala nyumba ya wageni Maili Moja, pale Kibaha, wakaja asubuhi kwa gari la kukodi, wekundu kwa vumbi. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Hata sasa nikimwona naficha mikono nyuma. Yule mama kiongozi ni mnene, mchangamfu, mtu wa kushika watu mashavu. Alinishika langu akasema nimekonda. Nyuma yangu nikasikia Bibi akimwambia mtu, "Si nilisema?"

Wakati tunaanza kuimba, uani kulikuwa kumejaa. Wale wetu walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, na nyuma yao mikeka, na juu ya mikeka wanawake na kanga zao na watoto wao, na pembeni wanaume kwenye mabenchi, wengi wenye kofia. Walikuwa wametulia kabisa. Nyimbo zilipokuwa na kibwagizo rahisi wanawake walipiga makofi, kwa adabu tu, kama mtu anavyomsaidia mwenye shughuli. Mume wangu alihubiri kwa kifupi, kuhusu kumpokea mgeni. Nilimwona mwenyekiti anatazama mikeka, anatazama mabenchi, anatoa leso.

Kabla ya kufunga ibada alitoka kidogo kunawa uso, akanikuta pale kwenye ndoo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "Mungu anisamehe. Unajua tulikuwa tumeamua?"

"Mlikuwa mmeamua nini, Mwalimu?"

"Kuwarudisha. Ilibaki kupiga muhuri tu. Mimi mwenyewe nilisema pale hakuna kitu. Na mume wako na unyenyekevu wake, kila mwezi wachache, wachache! Sasa nikirudi nitawaambia nimeona kwa macho yangu. Hata wenye kofia wamekuja kusikia." Akajifuta uso. "Mtabaki hapa. Mtabaki mpaka mchoke wenyewe."

Akarudi kwenye kiti chake. Mimi nilibaki pale kwenye ndoo.

Mume wangu alikuja kunitafuta, kwa sababu alikuwa ameona uso wangu. Tulisimama nyuma ya jiko, moshi wa kuni unatupiga, na nikamweleza kwa haraka. Alishika kichwa.

"Hajaelewa," akasema.

"Najua."

"Inabidi nimwambie."

Na mimi, nasema kama ilivyokuwa, nikamshika mkono wa shati. "Subiri wale chakula kwanza," nikamwambia. "Subiri hata kesho. Hujasema uongo wowote. Yeye ndiye amejidanganya."

Alinitazama tu, si kwa hasira, na nikaona kwamba na yeye anatamani nimshikilie zaidi. Tungesimama pale mpaka wali uungue, lakini tulisikia sauti ya mwenyekiti imeanza kusema na watu, tukarudi mbele wote wawili.

Mwenyekiti alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha, ile sauti yake ya gwaride la shule imemrudia.

"Ndugu zangu," akauliza, "mmempokea mtumishi huyu tuliyemtuma kwenu?"

"Tumempokea!" uani wote wakaitikia.

"Na mke wake?"

"Tumempokea!"

"Na neno alilowaletea, mmelipokea?"

Watu wakatazamana. Walitaka kumjibu vizuri mgeni, lakini hawakujua anataka nini. Ndipo Bibi, ambaye hapendi swali likae bila jibu, akasema kwa sauti kutoka kwenye mkeka:

"Neno gani tena?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akidhani ni utani, akawa anatafuta namna ya kuuliza upya. Hapo mume wangu akapita katikati ya viti akasimama karibu yake. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mzee," akasema, "naomba niseme jambo kabla hatujaomba."

Mwenyekiti akamkaribisha kwa mkono.

"Waumini wetu ni hawa walioko mbele kwenye viti. Ndio wote. Hao wengine ni majirani zetu. Ni Waislamu, na wanaishika dini yao. Sikuwaita kwenye ibada. Wamekuja kwa sababu wamesikia tuna wageni, na hawakutaka tuwapokee peke yetu. Sitaki mwondoke hapa mkifikiri ni vingine. Na sitaki wao waje wasikie kesho kwamba niliwatumia."

Kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka, hakikuacha pembe ya mtu kujificha. Nilisikia mafuta yakichemka kwenye kikaango upande wa pili wa nyumba. Yule mama kiongozi alikuwa ameshika simu akirekodi. Taratibu akaishusha mapajani. Mwenyekiti aliikunja leso yake mara mbili, tatu, mpaka ikawa kipande kidogo, akaitia mfukoni. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama viatu vyake, vile vile vya kahawia alivyokuwa akivaa shuleni, au vinavyofanana navyo.

Bibi ndiye aliyejibu.

"Sasa hilo nalo ni la kusimama na kutoka jasho?" akasema. "Kwani hawatuoni?"

Mdogo wake akamkanya, "Dada, acha." Lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi bila kujua kwa nini. Mume wangu akacheka pia, na nikaona mabega yake yanashuka. Yangu nayo yalishuka. Sikuwa nimejua yalikuwa juu kiasi hicho. Nilijua tumepoteza kila kitu, na bado kulikuwa na wepesi mwilini, kama mtu aliyetua ndoo kichwani akasimama kidogo kabla ya kuuliza maji yaende wapi.

Mwenyekiti alisafisha koo. Ni mtu mwenye heshima zake; sidhani kama nitasahau alivyojikusanya pale. Alisema, polepole, kwamba basi anawashukuru kama majirani, kwa kuwatunza watoto wake ugenini. Akauliza kama wataruhusu aombee mvua na afya ya kijiji. Mdogo wake Bibi akasema, "Omba, Mwalimu, mvua tunaitaka wote." Akaomba kwa ufupi. Wanaume wakaondoka kwenda kuswali adhuhuri, kisha wakarudi, na pilau ikapakuliwa.

Mwenyekiti alikula na wanaume, akizungumza kidogo. Yule mama kiongozi alikataa kiti. Alikuja kukaa na wanawake kwenye mkeka, kuzunguka sinia, akakunja mikono ya gauni lake. Nilikuwa nawapelekea maji nikamsikia akimuuliza Bibi, "Sasa dada yangu, niambie ukweli. Hawa watoto wetu mnaishi nao vipi?"

"Shida tupu," Bibi akasema.

Nilisimama na jagi mkononi.

"Huyu mwanamume anaimba alfajiri, sauti kama jogoo mwenye mafua. Nimemwambia, hasikii. Na huyu mkewe, wali hawezi. Anaanika nguo barabarani kila mpita njia azione. Akienda kwao kusalimia hata wiki mbili, kuku wangu hawali, maana amewadekeza. Mwaka jana aliumwa akanificha! Nimekuja kujua siku ya tatu. Nimlee mtu uani kwangu, aumwe, nisikie kwa watu?"

Aliendelea. Alikuwa na mengi. Yule mama kiongozi alikula na kutikisa kichwa, akisema, "Ehe. Ehe. Na alfajiri kabisa?" Nilitaka ardhi ipasuke. Siku yetu ya mwisho ya kupimwa, na mtu pekee aliyeombwa ushahidi alikuwa anatuchambua kama dagaa.

Jioni wageni wakaondoka. Tukabaki tunaosha masufuria. Mume wangu alikusanya viti, akasimama pale turubai lilipokuwa, akasema, "Ulitaka nisubiri mpaka kesho."

"Nilitaka."

"Ningeshindwa kesho," akasema. "Ndiyo maana sikusubiri."

Asubuhi yake tulipanda pikipiki yetu mpaka Maili Moja kuwaaga kabla hawajapanda basi la kurudi. Tuliwakuta mgahawani, wamekaa mbele ya chai na chapati, magari ya mizigo yanapita nje kwa mngurumo wa kutikisa vikombe. Mwenyekiti alituagizia supu bila kutuuliza. Kwa muda alizungumza habari za basi na mpaka, kisha akaweka kijiko chini.

"Jana niliona aibu," akamwambia mume wangu. "Nilikukasirikia. Nilisema, kijana huyu angenivuta pembeni, angeniambia polepole, kwa nini aniumbue mbele ya watu?"

"Nisamehe, Mzee. Ungekuwa umeshaomba. Ungekuwa umeshawashukuru kwa kuacha dini yao, mbele yao."

"Najua. Nimelifikiria hilo." Akafuta midomo. "Siwezi kuwaahidi chochote. Kamati si mimi peke yangu. Nitawaambia nilichokiona, na nilichokiona si kile walichonituma kukitafuta."

Yule mama kiongozi hakusema lolote pale mezani. Lakini tulipokuwa tunaelekea kituoni alinishika mkono, tukabaki nyuma.

"Nilimsikia yule mama anavyokusema," akaniambia. "Mama yangu alikuwa ananisema hivyohivyo. Hakuwahi kumsema mtoto wa jirani namna ile." Akanibana vidole. "Na mimi kwenye kamati nina mdomo."

Kisha tukasubiri. Sijui kama niliwahi kusubiri vibaya namna ile. Nilikuwa nikiingia shambani nautazama muhogo mchanga nikijiuliza kama nitakuwepo kuung'oa. Mume wangu alipunguza kuimba alfajiri. Bibi alilalamika kwamba sasa anachelewa kuamka.

Simu ilikuja mchana wa siku ya kazi. Mume wangu alikuwa chini ya pikipiki anabadilisha mnyororo, mikono imejaa grisi, kwa hiyo niliishika mimi nikaibana sikioni mwake, na mimi nikasogeza kichwa changu upande wa pili kusikia. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa inakatika. Alisema mjadala ulikuwa mrefu. Alisema wengine bado wanasema ni kupoteza muda, na hakuwalaumu. Lakini wameamua tubaki. Wanataka mume wangu awe anakwenda Sofu katikati ya wiki kulea kile kikundi tulichokiacha, kwa kuwa kinaomba mchungaji, na makazi yetu yaendelee kuwa Kisarawe. "Kaeni na majirani zenu," akasema. "Mengine si kazi yetu kuyaharakisha." Kisha akauliza kama mvua imenyesha.

Imenyesha, mume wangu akamjibu. Imenyesha sana, Mzee.

Simu ilipokatika hakuinuka. Alibaki amelala chali ubavuni mwa pikipiki, grisi shavuni, anatazama angani. Nami nilikaa kwenye udongo pale karibu yake. Nilikuwa nalia, lakini kilio kile cha faraja, ambacho mtu hana haja ya kukizuia.

Bibi alitokea na jembe begani, akatukuta hivyo.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Bibi," nikasema. "Wametuambia tubaki."

"Mbaki wapi?"

"Hapa. Walikuwa wanataka kuturudisha nyumbani. Wale wageni ndio waliokuja kuangalia hilo. Sasa wamesema tubaki."

Aliteremsha jembe taratibu. Nilitegemea atacheka, au atanikumbatia. Badala yake uso ulikunjamana.

"Mlikuwa mnaondoka?" akasema. "Mlikuwa mnaondoka, na mimi nakuna nazi, nafunga turubai, mdogo wangu anachinja mbuzi, hakuna aliyeniambia? Ningejua ningewaambia maneno mazuri! Nimekaa pale nimekusema habari ya wali!"

"Bibi, yale ndiyo..."

"Nyamaza. Usiniambie." Akachukua jembe lake, akaenda zake ndani, akafunga mlango kwa kishindo.

Hakutusemesha mpaka kesho yake alasiri. Mchana uleule mume wangu alinawa mikono, akaingia chumbani akasema anajinyoosha kidogo, na nilipochungulia nilimkuta amelala na viatu, mdomo wazi, anakoroma kwa nguvu mchana kweupe. Nilimvua viatu bila kumwamsha. Kisha nikatoka nje, nikachukua nguo zilizokuwa zimeanikwa upande wa barabara, nikazihamishia nyuma ya nyumba, moja moja, nikijua kuna mtu dirishani ananitazama na hatasema kitu.

Sikuwa na haraka. Hakukuwa na mahali pa kwenda.